Hoja dhidi ya matabaka ya Kihindu: itoke ndani ya dini yenyewe au nje yake?

Mdadisi

Ndugu zangu, nimekuwa nikisoma historia ya India kwa muda sasa, na kila ninapofika kwenye suala la matabaka hukwama mahali pale pale, ndiyo maana nimeona nilete swali hili kwa wenye maarifa zaidi yangu.

Katiba ya India, iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, inatamka katika Ibara ya 17 kwamba desturi ya kuwahesabu watu kuwa najisi wasioguswa imefutwa, na kwamba kuiendeleza kwa namna yoyote ni kosa linaloadhibiwa kisheria. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu zaidi ya milioni 200, yaani 16.6% ya wananchi, walio katika makundi ambayo sheria inayaita matabaka yaliyoorodheshwa, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakiitwa ya wasioguswa na ambayo wengi wa watu wake leo hujiita Wadaliti. Pamoja na sheria hiyo yote, bado tunasoma habari za bwana harusi Mdaliti kupigwa kwa sababu tu amethubutu kupanda farasi siku ya arusi yake, heshima ambayo wenye tabaka la juu kijijini wanaiona kuwa ni yao peke yao.

Kinachonitatiza ni upande wa maadili. Wahindu wengi wanaochukia ubaguzi huu kwa dhati hutoa jibu moja kati ya mawili. Wapo wanaosema kwamba dini haina kosa, kwamba wahenga waligawa kazi kulingana na tabia na vipaji, na kwamba kurithishana tabaka ni uharibifu uliokuja baadaye. Wapo wanaosema kwamba ubaguzi umo ndani ya maandiko na hautang'oka bila kung'oa mamlaka ya maandiko hayo. Wale wa kwanza hujibiwa kwa aya nyingine inayosema kinyume, na wale wa pili huambiwa kwamba wanaipima dini kwa mizani ya wageni. Je, Mhindu anayetaka kumwambia Mhindu mwenzake kwamba kumtenga Mdaliti ni dhambi, mbali na kuwa ni kosa la jinai, asimame wapi? Naomba majibu yenye hoja. Lawama za jumla dhidi ya dini ya watu sizihitaji.

Mwanafunzi wa Dini

Ndugu Mdadisi, nitajibu kwa upande wa maandiko, kwa kuwa huko ndiko ninakofahamu kidogo.

Mahali ambapo kila mtu huanzia ni wimbo wa 90 katika kitabu cha kumi cha Rigveda, mkusanyo wa kale wa nyimbo takatifu za Kihindu, unaosimulia jinsi ulimwengu ulivyotokana na sadaka ya Purusha, yule mtu wa mwanzo: kinywa chake kikawa Wabrahmini, yaani makuhani, mikono yake ikawa watawala na wapiganaji, mapaja yake yakawa wafanyabiashara na wakulima, na kutoka miguuni wakatoka Washudra, watumishi. Wadaliti hawamo hata miguuni. Wao waliwekwa nje ya mwili huo kabisa, na sheria za Manu, zilizotungwa karne nyingi baada ya wimbo huo, zikaja kuyafafanua mambo kwa ukali: nani akae nje ya kijiji, nani avae nguo za maiti, nani aadhibiwe vipi kwa kosa lile lile ambalo mwingine angesamehewa. Sitaki kulificha hilo, kwa sababu mtetezi wa dini anayeanza kwa kuficha hupoteza kesi kabla haijasikilizwa.

Lakini urithi huo huo una sauti nyingine, na si sauti ya pembeni. Katika kitabu kitakatifu cha Bhagavad Gita, sura ya 4, aya ya 13, mungu Krishna anasema kwamba ameyaumba makundi manne kwa kufuata sifa na matendo, na katika sura ya 5, aya ya 18, inaelezwa kwamba mwenye hekima humtazama Mbrahmini aliyeelimika, ng'ombe, tembo, mbwa na yule aliyedharauliwa kuliko wote kwa jicho lile lile. Katika Mahabharata, utenzi mkubwa wa kale, kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote: nyoka mkubwa, ambaye kwa kweli ni mfalme Nahusha aliyelaaniwa, amemkaba Bhima, na anamwambia kaka yake Yudhishthira kwamba atamwachia iwapo atajibiwa maswali yake. Anauliza Mbrahmini ni nani. Yudhishthira anajibu kwamba ni yule mwenye ukweli, ukarimu, msamaha na huruma. Nyoka anapinga kwamba sifa hizo hupatikana hata kwa Mshudra, na Yudhishthira anakubali bila kusita: ikiwa zipo kwa Mshudra na hazipo kwa aliyezaliwa Mbrahmini, basi yule si Mshudra na huyu si Mbrahmini. Anaongeza kuwa, kwa jinsi watu wanavyochanganyika katika kuzaa, nasaba ni jambo gumu kulithibitisha.

Halafu kuna historia ya watakatifu. Katika karne ya 12, huko Kalyana katika eneo ambalo leo ni Karnataka, Basava aliwakusanya watu wa kazi zote kuwa jumuiya moja ya waabudu wa mungu Shiva, na inasimuliwa kuwa ndoa kati ya binti wa Mbrahmini na kijana wa fundi viatu ndiyo iliyoleta ghasia zilizoiangusha. Ravidas wa Varanasi, mtakatifu na mshairi, alikuwa mtengeneza ngozi, kazi iliyohesabiwa najisi. Mwaka 1888, huko Aruvippuram kusini mwa India, Narayana Guru, aliyezaliwa katika tabaka la Waezhava lililokatazwa kuingia kwenye mahekalu makubwa, alichukua jiwe mtoni na kulisimika yeye mwenyewe kuwa sanamu ya Shiva, kazi ambayo desturi ilimwachia Mbrahmini peke yake.

Uhindu hauna kitabu kimoja kinachofuta vingine, wala mkuu mmoja wa kutoa hukumu ya mwisho. Kila anayeufuata analazimika kuchagua, apende asipende, na kipimo cha kuchagulia kimo humo humo: Upanishadi, maandiko ya kale ya falsafa ya Kihindu, zinafundisha kwamba nafsi iliyo ndani ya viumbe vyote ni moja. Anayeamini hivyo kisha akaoga kwa sababu kivuli cha mtu kimempitia, basi ama haamini anachokiri, ama anaamini kwamba Mungu naye anaweza kunajisika. Hapo ndipo ningemweka Mhindu unayemuulizia.

Mtetea Haki

Nimesoma jibu la Mwanafunzi wa Dini kwa furaha, na kisa cha nyoka ni kizuri kweli. Hata hivyo naomba nipinge kwa heshima, kwa sababu naona jibu hilo limeacha nje watu wale wale ambao desturi iliwaacha nje.

Mchukulie Chokhamela, mtakatifu wa karne ya 14 kutoka Wamahar, mojawapo ya matabaka ya wasioguswa, ambaye tenzi zake huimbwa hadi leo na mahujaji waendao Pandharpur, mji wenye hekalu la mungu Vitthal. Alimpenda mungu huyo maisha yake yote, na hakuruhusiwa kuvuka kizingiti cha hekalu lake. Kaburi lake liko chini ya ngazi, nje ya lango. Wachamungu walimkubali Chokhamela katika nyimbo na wakamwacha mlangoni, na kwa karne kadhaa hawakuona mgongano wowote katika hilo. Hata kisa cha Satyakama katika Chandogya, moja ya Upanishadi, ambacho watetezi hukitaja sana, kina tatizo hilo: kijana anakiri kwa mwalimu kwamba mama yake hajui ukoo wa baba yake, na mwalimu anampokea akisema kwamba ni Mbrahmini tu anayeweza kusema kweli namna hiyo. Ukweli umesifiwa, ndiyo, lakini umekabidhiwa tabaka lile lile. Kitabu hicho hicho, katika sura ya 5, kinasema kwamba wenye matendo maovu watazaliwa tena katika tumbo la mbwa, la nguruwe au la mtu wa tabaka lililotengwa. Ukienda vitani kwa aya, jiandae kupigwa kwa aya.

Mimi ningeanzia kwenye maji. Bhimrao Ambedkar, mwanasheria na kiongozi wa Wadaliti, aliyezaliwa mwaka 1891 naye katika tabaka la Wamahar, alieleza jinsi alivyosoma shule akiwa mtoto. Baba yake alikuwa ametumikia jeshi, ada ililipwa, mtoto alikuwa hodari. Darasani aliketi pembeni juu ya gunia lake mwenyewe, na jioni ililazimu alibebe arudi nalo nyumbani, kwa sababu mfagiaji wa darasa hakukubali kuligusa. Akishikwa na kiu hakuruhusiwa kufungua bomba; mhudumu wa shule ndiye aliyepaswa kumfungulia, na siku ambayo mhudumu hakuwapo, mtoto alishinda na kiu. Hapakuwa na mtu aliyemchukia hasa. Mwalimu alikuwa akifuata utaratibu, mhudumu alikuwa akifuata utaratibu, na ndivyo uovu huu unavyoishi: unagawanywa vipande vidogo vidogo hadi kila mmoja anaona sehemu yake ni adabu tu.

Mtoto huyo alikua, akasomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Columbia, na tarehe 20 Machi 1927 akaongoza maelfu ya watu hadi kwenye bwawa la Chavdar katika mji wa Mahad, ng'ambo ya Bombay kuelekea kusini. Baraza la kutunga sheria la Bombay lilikuwa limeshaamua tangu 1923 kwamba maji ya umma yawe wazi kwa wote, na halmashauri ya mji ilikuwa imeafiki. Waislamu na Wakristo walichota hapo. Ng'ombe walikunywa hapo. Ambedkar akainama, akateka maji kwa kiganja, akanywa, na wenzake wakafuata. Waliposhambuliwa na kupigwa kwa hilo, bado hayakuisha: wenye mji walilisafisha bwawa kwa kumimina vyungu 108 vya maziwa, mtindi, mavi ya ng'ombe na mkojo wa ng'ombe huku sala zikisomwa, ndipo wakayaona maji yanafaa tena. Kesi ya haki ya kunywa pale ilimalizika mwaka 1937 katika Mahakama Kuu ya Bombay, Wadaliti wakashinda. Miaka kumi mahakamani kwa ajili ya maji ya bwawa!

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu ndimo hoja ya kimaadili ilimo. Mtu aliyenywa maji yale hakuhitaji kwanza kumthibitishia mtu yeyote kwamba Upanishadi ziko upande wake. Dhuluma ilionekana kwa macho, na aliyedhulumiwa alikuwa na haki ya kuitaja kabla ya wanazuoni kumaliza mjadala wao. Desemba 25 ya mwaka ule ule, katika mkutano wa pili pale pale Mahad, sheria za Manu zilichomwa moto hadharani.

Mwaka 1936 chama kimoja cha Wahindu wapenda mageuzi huko Lahore kilimwalika Ambedkar ahutubie mkutano wao wa kupinga matabaka, kisha, walipoisoma hotuba yake kabla ya siku, wakaufuta mkutano. Kilichowashinda ni hoja yake kwamba kula pamoja na kuhubiriana upendo hakutoshi: tabaka linasimama juu ya ndoa ya ndani kwa ndani, na ndoa hiyo inasimama juu ya imani kwamba maandiko yameiamuru. Kwa hiyo mwenye kutaka kulivunja aivunje kwanza heshima ya maandiko yanayolilinda, na watu waoane. Ukumbi ukafungwa, naye akaichapisha hotuba kwa gharama yake.

Mtazamo wa Pili

Nakubaliana na mengi, ila naona mjadala unaelekea kuwa wa upande mmoja, na kwa faida ya wasomaji naomba niseme wanayoyasema Wahindu wengi wenye nia njema.

Kwanza, kila jamii iliyowahi kustaarabika iligawa kazi, na kurithishana ufundi kutoka baba hadi mwana kulifanyika duniani kote. Kwa nini India pekee ihukumiwe? Pili, fundisho la karma, kwamba matendo ya mtu humrudia hata katika maisha yajayo, halimdhulumu mtu, maana linamwahidi kila mmoja kwamba matendo yake mema hayapotei. Tatu, taifa hilo limejirekebisha kwa kasi isiyo ya kawaida. Mtawala wa Travancore, dola ya kusini mwa India, aliyafungua mahekalu ya dola yake kwa Wahindu wote tarehe 12 Novemba 1936, kabla ya uhuru. Katika ajira za serikali kuu na vyuo vyake, 15% ya nafasi hutengwa kwa matabaka yaliyoorodheshwa na 7.5% kwa makabila yaliyoorodheshwa. Wadaliti wawili, K. R. Narayanan na Ram Nath Kovind, wameshika urais. Je, si haki kusema kwamba tabaka linakufa lenyewe, na kwamba kulizungumza kila siku, pamoja na kuzihesabu nafasi kwa tabaka, ndiko kunakolipa uhai?

Tena ubaguzi huo upo hata miongoni mwa Wakristo, Wasikh na Waislamu wa India. Basi tatizo ni la jamii nzima, na kuubandika Uhindu peke yake si uadilifu.

Mtetea Haki

Ndugu, umeyaweka vizuri, nami nitajibu yale yenye uzito.

Kuhusu kugawana kazi, Ambedkar alikwisha jibu katika hotuba ile ile ya Lahore: tabaka haligawi kazi tu, linawagawa wafanyakazi wenyewe na kuwapanga ngazi, mmoja juu ya mwingine. Fundi wa nchi nyingine aliyerithi nyundo ya baba yake aliweza kuiweka chini akawa karani, na jirani akamuoza binti. Mtoto wa mzoa kinyesi nchini India aliweza kupata shahada na bado akakosa nyumba ya kupanga. Tofauti hiyo ndiyo swali letu lote.

Kuhusu karma nina mengi zaidi ya kusema, kwa kuwa hapo ndipo dhamiri za watu wema zinapolala. Tuseme kweli kwamba mtu amezaliwa alikozaliwa kwa matendo ya maisha yaliyopita. Je, hilo linanipa mimi kibali cha kuwa mtekelezaji wa adhabu yake? Mahakama yoyote ya haki humsomea mshtakiwa shtaka, humpa nafasi ya kujitetea, na adhabu huwa na kikomo. Hapa mshtakiwa hakumbuki kosa, haambiwi ni lipi, na watoto wake wanaadhibiwa naye. Tena mafundisho yenyewe yanasema kwamba anayetesa anajichumia karma mbaya. Kwa hiyo hata anayeamini kila herufi ya fundisho hilo hapati ndani yake ruhusa ya kumnyima mtu maji. Anapata onyo. Wanaolitumia kutetea tabaka wanalisoma nusu, ile nusu inayomhusu jirani.

Kwamba tabaka linakufa lenyewe, utafiti wa kitaifa wa kaya uliofanyika mwaka 2011 na 2012 unaonyesha vingine: zaidi ya robo ya kaya zilikiri kwamba mtu fulani nyumbani bado anafuata desturi ya kutowagusa watu, na ndoa zilizovuka tabaka zilikuwa takriban 5% tu. Hao ni waliokiri kwa midomo yao mbele ya mgeni mwenye dodoso. Kuna vijiji vya Tamil Nadu ambako migahawa ya chai imejulikana kwa kuweka vikombe vya aina mbili: vya kawaida kwa wateja wengine, na vya Wadaliti vinavyotundikwa au kuwekwa kando, ambavyo mnywaji huviosha mwenyewe akishamaliza. Bei ya chai ni ile ile. Tangu 1989 iko sheria maalumu ya kuzuia ukatili dhidi ya makundi haya, na kila mwaka polisi huandikisha kesi kwa makumi ya maelfu.

Halafu kuna mabomba ya majitaka. Kumwajiri mtu azoe kinyesi kwa mikono kulikatazwa na sheria ya 1993, kukakatazwa tena kwa upana zaidi mwaka 2013, na bado watu huteremshwa kwenye chemba bila barakoa wala kamba, hufa kwa gesi, na wengi wao hutoka katika matabaka yale yale. Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ya India ilipandisha fidia ya kifo cha namna hiyo kutoka rupia milioni 1 hadi rupia milioni 3. Hakuna anayekuwa mzoa kinyesi kwa kuangalia nani ana kipaji. Nafasi maalumu za vyuoni unazozilalamikia ni mpya. Nafasi maalumu za chini ya ardhi ni za kale mno, na sijawahi kuona maandamano ya kuzigombea.

Kuhusu dini nyingine, ni kweli kabisa, na wala sifurahi kulikubali. Wakristo wa kusini wamewahi kuwa na makaburi tofauti kwa Wadaliti wao. Tabaka huhama na mtu anapobadili dini, na agizo la Rais la 1950 lilizidisha utata kwa kuwaweka katika matabaka yaliyoorodheshwa karibu Wahindu peke yao. Wasikh waliongezwa 1956 na Wabudha 1990, huku Wakristo na Waislamu wakibaki nje hadi leo. Lakini ni katika Uhindu peke yake ambako ubaguzi huo unadai kibali cha maandiko, na ndiyo maana mjadala unarudi huko kila mara.

Mdadisi

Asanteni sana. Mwanafunzi wa Dini, naomba unijibu jambo moja: Gandhi alisimama wapi? Naona kila upande unamdai kuwa wake.

Mwanafunzi wa Dini

Alisimama mahali pawili kwa nyakati tofauti, ndiyo maana wote wana haki ya kumdai. Kuhusu kuwatenga watu hakuyumba: alikuita dhambi na doa juu ya Uhindu, na tetemeko la ardhi la Bihar lilipotokea Januari 1934 alidiriki kusema kwamba ni adhabu ya Mungu kwa dhambi hiyo, kauli iliyomkera mshairi Rabindranath Tagore akaipinga hadharani. (Tagore alikuwa sahihi. Waliofukiwa na vifusi hawakuwa watenzi wa dhambi ile pekee.) Kwa upande mwingine, kwa miaka mingi Gandhi aliutetea mgawanyo wa makundi manne kama utaratibu wa wajibu usio na mkubwa wala mdogo. Mwaka 1932, Waingereza walipoamua kuwapa Wadaliti uchaguzi wao peke yao, yaani wachague wawakilishi wao bila kura za wengine, alifunga kula gerezani Yerwada, na Ambedkar akajikuta anabeba lawama ya uhai wa mtu anayependwa na taifa zima. Mapatano ya Poona ya tarehe 24 Septemba yaliwapa viti vilivyotengwa vingi zaidi, 148 badala ya 71, lakini ndani ya uchaguzi wa pamoja, ambako wapigakura wa matabaka ya juu ndio wengi. Ambedkar alijuta hadi mwisho. Miaka ya 1940 Gandhi alikuwa amebadilika kiasi cha kutaka kuhudhuria arusi tu ambazo mmoja wa maarusi ni Mdaliti.

Nami nakiri kwamba Mtetea Haki ana hoja juu ya Chokhamela. Sikubali, hata hivyo, kwamba maandiko yaachiwe wabaguzi. Mhindu wa kijijini hatasoma hotuba ya 1936, lakini atamsikiliza anayemwimbia Ravidas, na ikiwa wapenda haki watanyamaza katika lugha ya dini, lugha hiyo itabaki mikononi mwa yule mwenye vikombe viwili. Ambedkar mwenyewe, alipoondoka katika Uhindu tarehe 14 Oktoba 1956 huko Nagpur pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake, hakuenda kwenye ukana Mungu. Alimfuata Buddha, mtoto mwingine wa ardhi ile ile, aliyefundisha kwamba mtu huwa wa chini au wa juu kwa matendo yake. Alijua kwamba watu hawaishi kwa Katiba peke yake, ingawa ndiye aliyeongoza kamati iliyoiandika.

Mama Sheria

Nimewafuatilia kimya, na nina nyongeza mbili za upande wa mahakama, kwa sababu naona mnazungumza kana kwamba dini na sheria hazikutani. Zinakutana, tena mlangoni mwa hekalu.

Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ilikataa ombi la mtu aliyepinga uteuzi wa kuhani asiye Mbrahmini katika hekalu moja la Kerala. Ilisema kwamba anayejua ibada na mantra zake, yaani maneno matakatifu, na aliyefunzwa ipasavyo anaweza kuteuliwa, na kwamba desturi inayokiuka utu na usawa haiwezi kujificha nyuma ya uhuru wa dini. Mwaka 2017 bodi inayosimamia mahekalu huko Kerala iliwateua makuhani Wadaliti, na Agosti 2021 serikali ya Tamil Nadu ikawapa kazi makuhani wa matabaka mbalimbali waliohitimu mafunzo. Ndugu Mtetea Haki atakumbuka kwamba Ambedkar alipendekeza jambo hilo hasa mwaka 1936: ukuhani usirithiwe, uwe wa mtihani na cheti. Kwa hiyo wale walio ndani wamefika, polepole sana, alipokuwa amesimama aliyetoka nje.

La pili ni la tarehe 3 Oktoba 2024. Miongozo ya magereza katika majimbo kadhaa, mingine ikiwa imerithiwa tangu enzi za Waingereza, ilikuwa bado inagawa kazi za wafungwa kwa tabaka: kupika kwa wa matabaka ya juu au yanayofaa, kufagia na kusafisha vyoo kwa wale ambao desturi iliwapangia kazi hiyo. Shauri lililetwa na mwandishi wa habari aliyekuwa ameyachunguza mambo hayo. Mahakama ilizifuta kanuni hizo kwa kutumia, pamoja na ibara nyingine, Ibara ya 17 aliyoanza nayo Mdadisi na Ibara ya 23 inayokataza kazi za shuruti, ikaamuru safu ya tabaka iondolewe kwenye madaftari ya wafungwa, na ikayapa majimbo miezi mitatu kurekebisha miongozo yao. Mdadisi, ukitaka kuendelea kusoma, anza na hukumu hiyo. Ni ndefu, lakini imeeleza historia ya unajisi kuliko vitabu vingi nilivyosoma, na itakuonyesha jinsi majaji walivyoikataa hoja kwamba mfungwa anapewa tu kazi aliyoizoea.